Aqua Ikianza Kunywa Mafuta Ghafla: Utafute Wapi

Gari langu ni Toyota Aqua ya 2013, haibridi ya injini ya petroli na mota ya umeme, lile toleo la kwanza ambalo mafundi huliita NHP10. Kwa miaka miwili lilinipa kilomita 21 hadi 22 kwa lita hapa Mombasa, foleni ya Nyali na jua la saa saba vikiwemo. Kisha ndani ya wiki tatu likashuka mpaka 16. Hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi wala kelele mpya. Fundi wa kwanza niliyempelekea hakufungua hata boneti. “Hiyo ni betri, ndugu yangu. Haibridi mwisho wake ndio huo.” Akataja bei, mate yakanikauka.

Betri haikuwa na kosa lolote. Tangu siku hiyo nimekutana na wengine waliokwisha kulipia betri na mafuta yakaendelea kwenda vilevile, ndiyo maana nimeuandika utaratibu huu. Mifano ni ya Aqua kwa kuwa ndiyo ninayoijua mpaka uvunguni, lakini mwenye Prius au Axio ya haibridi anaweza kupita njia hii hii.

Kabla hujashika spana, fahamu mafuta yanaokolewa wapi. Aqua haichomekwi ukutani. Umeme wote ulio ndani ya betri kubwa umetoka kwenye tangi la petroli, au umerudishwa pale gari linapopunguza mwendo. Akiba inapatikana kwa injini kuzimika: kwenye foleni, kwenye mteremko, mbele ya taa nyekundu. Kwa hiyo unapotafuta ugonjwa unajiuliza maswali mawili tu. Kwa nini injini haizimiki pale inapostahili kuzimika? Na kwa nini gari haliserereki likiachiwa? Karibu kila kitu kitakachofuata hapa kinaangukia upande mmojawapo.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli limeshuka

Usiamini namba ya kwenye skrini peke yake, maana mara nyingi hujipendelea kidogo. Jaza tangi kwenye kituo kimoja, pampu ileile ikiwezekana, na usimame bomba linapojikata mara ya kwanza. Usiruhusu kijana wa pampu aongeze “hadi ifike namba kamili”. Rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri. Endesha mpaka zaidi ya nusu ya tangi iishe (tangi la Aqua ni lita 36), rudi palepale, jaza vilevile. Gawanya kilomita kwa lita ulizoweka. Fanya mara mbili. Tangi moja halithibitishi kitu.

Linganisha safari zinazofanana. Mtu akitoka Mombasa kwenda Nairobi anapanda kutoka usawa wa bahari mpaka karibu mita 1,700. Kwa hesabu yangu, gari la uzito huu likiwa na watu wawili watatu linatumia kama lita 2 za ziada kwa kule kupanda tu, nyingine zikirudi kama zawadi wakati wa kuteremka. Ukipima ukienda na mwenzako akapima akirudi, mtabishana bure.

Halafu achana na namba ya brosha. Aqua ilipoingia sokoni Japani Desemba 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo chao cha JC08. Sijawahi kuiona namba hiyo kwenye barabara yoyote niliyopita. Kipimo chako ni kile gari lako lenyewe lilichokuwa likikupa mwezi uliopita.

Hatua ya 2: Kumbuka kilichobadilika

Neno “ghafla” ndilo linalobeba uchunguzi wote. Betri, plagi na vichujio huchoka polepole. Kilomita kwa lita hupungua kidogo kidogo kwa miezi. Kitu kikishuka ndani ya wiki mbili tatu, kwa kawaida kuna mkono wa mtu au kuna kitu kimekwama. Chukua kalamu uandike kila kilichofanyika kwenye gari siku 30 kabla ya kuona mabadiliko. Mimi niliandika vitu viwili: nilibadilishiwa pampu ya maji, na nililiacha gari uani wiki nzima wakati wa mvua. Majibu yote mawili yalikuwa mle, ila sikuyaona.

Haya ndiyo ninayoyauliza kwanza mtu akinipigia simu.

Oili. Kifuniko cha kujazia oili cha Aqua kimeandikwa 0W-20. Gereji nyingi zina pipa la 20W-50 na huimimina kwenye kila gari linaloingia, kuanzia pikapu hadi haibridi. Oili nzito hivyo inaitesa injini ambayo huwaka na kuzimika mara nyingi kwa siku. Angalia pia kijiti: oili iliyozidi alama ya juu nayo ni mzigo.

Tairi. Zile zilizokuja na gari kutoka Japani mara nyingi ni za kuokoa mafuta, nyepesi na laini kuviringika. Ukifunga za bei nafuu zenye meno marefu, utalipa tofauti kituoni. Na kama umebadilisha saizi, hesabu yenyewe imepinda: ukitoka 175/65R15 ukaenda 185/65R15, gurudumu limekua kama asilimia 2, hivyo kwa kila kilomita 100 za kweli gari litaandika karibu 98. Hapo sehemu ya upungufu iko kwenye karatasi tu.

Dereva. Kama gari sasa linaendeshwa na mtu mwingine, mpande pamoja siku moja. Kuna imani imeenea kwamba ile B kwenye gia ni “battery”, kwa hiyo watu wanaendesha na B kutwa nzima wakidhani wanachaji. B ni breki ya injini, ya kuteremkia milima mirefu. Ukiitumia kila siku unatupa umeme ambao D ingeurudisha kwenye betri. N nayo kwenye foleni ni kosa la namna hiyo hiyo: gari likiwa kwenye N betri haichajiwi, hata injini ikiunguruma.

Safari. Shule zimefunguliwa, sasa unaenda kilomita 2, unazima, unarudi kilomita 2. Injini ikiwa baridi hulazimika kuwaka ili ipate joto, ihitaji isihitaji. Dakika tano za kwanza ndizo ghali kuliko zote, na safari fupi zimejaa dakika hizo tu.

Mafuta yenyewe. Ulibadilisha kituo? Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilikuwa biashara kubwa hapa Kenya mpaka serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, faida ya mchezo huo ikapungua. Ukishuku, tumia tangi mbili za kituo kingine kabla hujafungua nati yoyote. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho.

Hatua ya 3: Je, gari linaserereka?

Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kumbukumbu ya kijana wa upepo. Tairi moja iliyopungua haionekani kwa macho siku hizi.

Kisha breki, na hapa haibridi ina ugonjwa wake. Unapokanyaga breki taratibu, kazi kubwa inafanywa na mota inayogeuka jenereta. Padi zinagusa diski kidogo tu. Ndiyo maana padi za Aqua hudumu hadi watu wakasahau kuwa zipo. Ubaya wake ni kwamba pini za kalipa, kile chuma kinachobana padi kwenye diski, hukaa bila kufanya kazi, grisi inakauka, na kwa sisi wa Pwani chumvi ya hewani inamalizia. Pini zikishikana, padi inabaki imeegemea diski muda wote. Huisikii na wala huioni. Unainunulia petroli tu.

Jaribio ni rahisi. Endesha kama kilomita 10 kwenye barabara isiyo na foleni, ukijaribu kutumia breki kidogo iwezekanavyo, kisha simama kwa kuliacha gari lipungue lenyewe. Pitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma, au tumia kile kipimo cha joto chenye umbo la bastola. Magurudumu mawili ya mbele yanapaswa kuwa na joto linalokaribiana, na ya nyuma vivyo hivyo. Moja likiunguza wakati mwenzake wa upande wa pili ni vuguvugu, umepata.

Ukitaka uhakika, inua mbele yote kwa jeki na stendi, weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma na uvute breki ya mkono. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili bila kukanyaga breki, ili umeme uje lakini READY, ile taa ya kuonyesha gari liko tayari kuondoka, isiwake. Baada ya hapo kanyaga breki na uweke N. Zungusha kila gurudumu kwa mkono. Mkwaruzo mwepesi si kitu. Gurudumu linalogoma ndilo mgonjwa. Usifanye hivi gari likiwa READY hata siku moja. Haibridi iliyo kimya si haibridi iliyozimwa.

Nyuma Aqua nyingi zina breki za ngoma. Huko mkosaji wa kawaida ni kebo ya breki ya mkono iliyopata kutu na isiyorudi vizuri, hasa kwa gari lililoegeshwa siku nyingi breki ikiwa imevutwa. Beringi iliyochoka huwa inajitangaza kwa mlio, hiyo haitakusumbua kuitafuta. Kama sukani inavuta upande mmoja au tairi zinalika ukingo, fanya alaimenti.

Langu lilikuwa kalipa ya mbele kulia, matunda ya ile wiki ya mvua uani. Pini mbili, grisi maalumu ya breki na saa moja ya fundi. Likarudi hadi 18. Nikafurahi, kisha nikakumbuka lilikuwa 22.

Hatua ya 4: Je, injini inapata joto lake?

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mafundi wetu wanapotuumiza wakidhani wanatusaidia.

Fundi wengi wa mtaani wana desturi ya kung’oa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Gari likiwahi kuchemka mara moja tu, au likifunguliwa kwa kazi yoyote ya maji, ile themostati inatolewa na kutupwa. “Hii ni ya nchi za baridi, Mombasa hatuihitaji.” Kwenye gari la kawaida utapoteza mafuta kidogo na huenda usijue. Kwenye haibridi hasara ni mara mbili, kwa sababu kompyuta haikubali kuizima injini kwa uhuru mpaka maji yafikie joto linalotakiwa. Bila themostati maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, joto halipandi, na injini inabaki ikiwaka kwenye foleni ili kujipasha. Umelipia gari la kuzima injini, lakini injini haizimiki.

Na Aqua haina mshale wa joto kwenye dashibodi. Huwezi kujua kwa macho. Unahitaji kisomaji kidogo cha OBD2 cha Bluetooth, kile cha kuchomeka chini ya sukani, na programu kwenye simu. Dr. Prius na Hybrid Assistant zote mbili zinasoma haibridi za Toyota. Tazama joto la maji ya injini baada ya kuendesha dakika 15. Linapaswa kutulia kati ya digrii 80 na 95 hivi. Likielea kwenye 60 na kitu, likipanda mlimani na kuporomoka kila unapoteremka, themostati haipo au imekwama wazi.

Langu lilisoma 63 nikiwa njiani kuelekea Mtwapa, saa nane mchana, nje joto la kukaangia mayai. Nikarudi gereji waliyobadilisha pampu. Kijana akaniambia bila kificho kwamba waliitoa “ili gari lipumue”. Nikanunua themostati mpya, nikasimama pale ikifungwa mpaka mwisho.

Kama maji yako yanapungua pasipo kuvuja, au injini inatikisika vibaya sekunde chache ikiwaka asubuhi, hilo ni jambo jingine na zito zaidi. Mfumo wa EGR, ule unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, huziba masizi kwenye haibridi hizi, Prius ya kizazi cha tatu ikiwa maarufu zaidi kwa ugonjwa huo, na gasketi ya silinda hedi huweza kufuata. Usiendelee kuongeza maji na kusonga mbele. Lipeleke.

Hatua ya 5: Hewa na moto

Fungua kichujio cha hewa ukitazame kwenye mwanga. Cheusi, badilisha. Kihisi cha hewa kinachofuata baada yake husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, si kwa petroli na si kwa kitambaa. Plagi za injini hii ni za iridiamu, hudumu kama kilomita 100,000. Ukiuziwa za shilingi mia mbili mia tatu ujue si zenyewe.

Ukiwa na kisomaji chako, angalia namba ya marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim). Ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri, endelea na mengine. Ikiwa imepanda juu sana, kompyuta inaongeza petroli kwa sababu inaona hewa nyingi: kihisi kichafu, au mpira wa hewa uliopasuka. Ikishuka chini sana, kuna petroli inayoingia bila ruhusa. Soma pia misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa hata kama taa haijawaka. P0128 inazungumzia joto la maji lisilofika, P0401 inaelekeza kwenye EGR.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo betri

Anza na feni. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa na hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lenye wavu kwenye kiti hicho, sehemu ya chini. Magari ya teksi ndiyo yenye hali mbaya zaidi: vumbi, nyuzi za nguo, makombo ya viazi karai, na mara nyingine begi la abiria limeziba tundu lote. Betri ikipata joto kupita kiasi, kompyuta hupunguza umeme unaoingia na kutoka ili kuilinda, na injini inabeba kazi yote. Ukisikia feni ikivuma kwa nguvu nyuma yako mara kwa mara, safisha wavu, kisha fundi anayejua aitoe feni aisafishe mapanga. Na ukitoka juani, poza gari kwanza. Betri inapumua hewa unayopumua wewe.

Betri yenyewe ni nikeli, modyuli 20 za volti 7.2 zilizofungwa mfululizo, jumla volti 144. Iliyochoka ina tabia unayoweza kuiona ukiwa kwenye kiti cha dereva. Vijiti vya chaji vinapanda hadi juu kwenye mteremko mfupi tu, kisha vinaanguka hadi viwili ukiondoka kwenye taa. Gari likisimama injini inawaka kuchaji, inazima, dakika mbili inawaka tena. Betri yenye afya hushuka na kupanda polepole, ikipenda kukaa katikati.

Programu ile ya simu itakuonyesha volti za betri kwa makundi ya modyuli. Gari likiwa limetulia, tofauti kati ya kundi la juu na la chini ni sehemu ndogo ya volti. Kanyaga mafuta kwa nguvu sekunde kadhaa, mtu mwingine akitazama skrini: kundi moja likianguka zaidi ya volti moja chini ya wenzake, na likirudia kuwa lilelile kila mara, hapo ndipo neno betri linakuwa na ushahidi. Msimbo P0A80, ule wa betri kubwa kuchoka, ukijitokeza, hakuna tena cha kubishana.

Kuhusu kubadilisha “seli moja” tu, maoni yangu ni haya: inakuvusha miezi michache kama unataka kuuza gari kwa mtu usiyempenda. Modyuli mpya katikati ya zilizozeeka haiwi na mwendo sawa na wenzake, na punde jirani yake naye anaanguka.

Usiifungue betri hii nyumbani. Nyaya za rangi ya chungwa si za kuguswa. Volti 144 zinatosha kuua, na inveta, kile kifaa kinachoupeleka umeme wa betri kwenye mota, huzipandisha hadi karibu 520. Hata baada ya kuchomoa plagi ya usalama, fundi anayejua kazi yake huvaa glavu za umeme na kusubiri dakika 10 kabla hajagusa chochote. Ukimwona anaingiza mkono mtupu mara moja, mwambie asante na uondoke na gari lako.

Betri ndogo ya volti 12 ni nafuu na husingiziwa kila kitu. Ikiwa dhaifu huleta taa za ajabu ajabu na gari kugoma kuwaka, lakini peke yake haiwezi kukula kilomita 6 kwa lita.

Hatua ya 7: Rekebisha kimoja, kisha pima

Usibadilishe vitu vinne siku moja. Utapona bila kujua dawa ilikuwa ipi, na mwaka ujao utalipia vyote vinne tena. Kila ukirekebisha kimoja, jaza tangi pampu ileile, endesha njia zilezile, piga hesabu. Kompyuta nayo inahitaji muda kujizoesha, kwa hiyo usihukumu kabla ya kilomita mia mbili tatu.

Yangu kwenye daftari inasomeka hivi: 16.1 kabla ya chochote, 18.3 baada ya kalipa, 21.4 tangi la kwanza baada ya themostati, 21.9 la pili. Betri ni ileile iliyokuja na gari kutoka Japani.